Viwanda Arobaini, Vifaru Viwili

Pale kona ya Free Area, kati ya kibanda cha kunyolea cha Adero na kibanda cha kahawa cha Wachuka, kuna benchi la mbao lenye mguu mmoja wa chuma. Mguu huo aliuchomelea Muiruri, fundi wa mageti, na kwa haki hiyo yeye hukaa katikati, hakai pembeni hata siku moja. Jumamosi hiyo, saa nane mchana, laptopu yake ilikuwa juu ya kreti ya soda, waya wa stima ukitoka kwa Adero. Ulikuwa mchezo wa vita, nchi kwa nchi: yeye hapa, Kipyegon muuza mahindi kule Rongai, mwenye jeshi la rangi nyekundu. Dau lilikuwa hili: benchi la atakayeshindwa litapakwa rangi na kuandikwa jina la mshindi. Kipyegon alishanunua kopo la rangi, na picha ya kopo hilo alikuwa ametuma asubuhi. Sasa walikuwa wamepumzika robo saa ya kahawa, na Muiruri, ambaye kijiweni anaitwa Jenerali, alikuwa na viwanda arobaini vya raia, vinne vya jeshi, na vifaru viwili.

Adero, anayeitwa Wembe kwa ajili ya ulimi wake wala si kazi yake, aliona aibu kwa niaba ya mtaa.

— Jenerali, vifaru viwili ni vya harusi. Kimoja cha bwana, kimoja cha bibi.

— Sikiza, Wembe. Kiwanda cha raia kinazaa kiwanda kingine. Cha jeshi kinazaa risasi, na risasi haizai.

— Inaua lakini.

— Mkono mtupu haulambwi. Adui akikukuta huna kitu, atakulamba wapi?

Hakuna aliyejua hoja hiyo ilikuwa inaelekea wapi. Wachuka akajaza vikombe na kuwaeleza kwa mfano wa kuku: wa mayai ndio raia, wa nyama ndio jeshi, na mfugaji wa maana anafuga wote. Adero hakutaka kuku. Alitaka viwanda vyote arobaini vigeuzwe vya jeshi leo hii na wananchi watakula baadaye, kwa sababu mvumilivu hula mbivu. Wachuka naye akapanda juu zaidi.

— Kwani vifaru mnajenga vya nini? Si viko hapo kwa park ya wanyama? Fungua geti, elekeza Rongai.

— Wachuka, hivyo vinakula majani, akasema Muiruri.

— Afadhali. Vyako vinakula mafuta, na kisima huna.

Muiruri hakucheka. Alipoanza kazi alikaa mwaka mzima akiunda mashine yake ya kuchomelea kabla ya kuchomelea geti hata moja, na mtaa ulimcheka mpaka ukachoka. Leo nusu ya Free Area inalala nyuma ya komeo zake. Hangefundishwa kujenga na mtu wa kunyoa.

— Kiwanda kwanza, akasema. Hata Rongai yote ije na brashi.

Ndipo akafika Chepkemei, mwalimu, aliyekuja kuulizia geti lake. Walimkalisha, wakampa kahawa, wakamweleza yote kwa zamu: raia, jeshi, kuku. Alisikiliza vizuri, kama anayesahihisha mtihani. Kisha akainama karibu na kioo.

— Fundi, na hivi vidoti vyekundu vilivyojaa hapa mpakani ni vya nani?

Tangu asubuhi Muiruri alikuwa ameangalia orodha ya viwanda peke yake, ramani hakuigusa. Adero akasema pengine ni miji. Halafu akasema pengine ni misitu. Wachuka akachukua kitambaa cha vikombe, akapangusa kioo mara mbili, polepole.

Havikutoka.

Ujumbe ukaingia. Kipyegon alikuwa anauliza: Boss, mko tayari?

Muiruri akaweka kikombe chini. Akaagiza kiwanda cha arobaini na moja, cha raia, halafu akaandika kwa kidole kimoja: Tuko tayari. Njoo.