Mama Jeli Anaondoka, Kifuniko Kisiguswe

Baada ya miaka thelathini na mmoja maabarani, fundi mkuu wetu, Mama Jeli, anastaafu Ijumaa hii. Mkuu wa idara ameniomba niandike maneno ya furaha. Nitajitahidi, ingawa tangu Jumatatu naandika na kufuta.

Wengi mnamjua kwa sauti yake mlangoni kila asubuhi, akiuliza kama imejibu, kabla hata ya salamu. Anayeulizwa hali ni jeli: kipande laini cha kuwekwa ndani ya bandeji, kimejaa maji, kinachopokea elektroni kutoka kwa vijidudu na kuzipitisha kwenye waya. Hilo ndilo jibu analoliulizia Mama. Mstari ukipanda kwenye skrini, tunajua vijidudu vimeingia kidondani kabla usaha haujaonekana. Zamani tulimtania kwamba anapiga soga na uji. Siku hizi hospitali inasubiri bandeji zake.

Mwezi uliopita alichukua likizo makusudi, ili tutengeneze jeli wenyewe. Tungeshindwa, kazi yake yote ingeondoka naye. Basi jeli yetu, tuliyoiweka na vijidudu kwenye chombo cha kupimia, ikanyamaza: mstari haukupanda. Tulikosa raha. Kila saa mmoja wetu alifungua kifuniko cha chombo kuchungulia. Tukampigia Mama simu, hapatikani. Tukajua ametususa.

Siku ya nne mwenzetu wa vipimo aliishiwa uvumilivu, akakizungushia kifuniko plasta na kutufukuza sote chumbani. Kesho yake mstari ulikuwa umepanda. Kumbe hewa tuliyokuwa tukiiingiza ndiyo iliyonyakua elektroni njiani. Jeli haikuwa na kosa; wasiwasi wetu ndio ulioinyamazisha.

Juzi mlinzi wa getini alitutobolea siri. Siku zote zile Mama alikuwa kibandani kwake kila jioni, amejibanza nyuma ya mlango, simu kaizima, akimuuliza tumetoka na sura gani. Aliogopa kwamba akiongea nasi atapanda ngazi kuja maabarani, na akipanda ataifanya kazi mwenyewe.

Mama, ahsante kwa kujizuia, maana tunajua kulikutesa kuliko kulivyotutesa sisi. Nenda kacheze na wajukuu, ulale mpaka uchoke kulala. Tunakuombea afya na mapumziko matamu. Hofu bado tunayo, hatukufichi. Leo asubuhi tumeingia, na kabla ya kusalimiana sote tumeikimbilia skrini.

Imejibu, Mama. Nenda nyumbani.