Telesphor Bamanyisa, Aliyewapelekea Marubani Habari za Njia

Padri wetu, majirani wa Harrow, na ninyi nyote mliotoka Walthamstow, Reading na nyumbani Tanzania: shemeji yangu Adelina ameniomba nisimulie maisha ya kaka yangu. Kulia tutalia, lakini zaidi tumekuja kushukuru.

Telesphor Kajuna Bamanyisa alizaliwa tarehe 3 Mei 1948 huko Kamachumu, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Laurenti na marehemu mama Eufrasia. Tangu utotoni alipenda kuchora ramani. Akitumwa sukari, mama aliipokea ikiwa imefungwa kwenye karatasi iliyokwisha kuchorwa kisima, kanisa na nyumba ya kila jirani.

Alisoma shule ya msingi Kamachumu, kisha sekondari ya Ihungo alikomaliza mwaka 1967. Mwaka uliofuata alichaguliwa kwenda Nairobi kusomea mambo ya usafiri wa anga. Baba hakuwa amewahi kuiona ndege kwa karibu, lakini alimsindikiza hadi bandarini Bukoba akiwaambia watu wote kwamba mwanawe anakwenda kuwa rubani. Telesphor hakumsahihisha. Alituambia baadaye kwamba hakutaka kumharibia mzee safari.

Alianza kazi mwaka 1969 katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, kwenye ofisi inayowapa marubani taarifa kabla hawajaruka: njia ipi imefungwa, taa zipi zimezimika, mlingoti gani mpya umesimamishwa karibu na uwanja. Mwaka 1991 alikuja London kwa kozi, na alipomaliza akaajiriwa na kampuni ndogo ya hapa Harrow iliyotengeneza chati na maelekezo ya kutua kwa mashirika ya ndege za mizigo. Mabadiliko makubwa ya njia za anga huanza kutumika siku za Alhamisi, kila baada ya wiki nne, na nyumbani kwake kila mtu alijua kwamba wiki ya mabadiliko si ya kumwomba baba akupeleke popote. Ulaya ilipopunguza nafasi ya juu na chini kati ya ndege zinazopishana angani, mwaka 2002, yeye ndiye aliyewafundisha utaratibu huo mpya marubani wengi waliotoka Afrika.

Alifunga ndoa na Adelina, muuguzi, tarehe 16 Agosti 1986 jijini Dar es Salaam. Tulikuwa tumekwisha kukata tamaa, maana alikuwa na miaka thelathini na minane. Mungu aliwajalia Beatha, na baadaye Valentine aliyezaliwa hapa London. Maisha ya hapa London waliyaanza katika chumba kimoja na sebule pale Kilburn, na mimi nikiwa nalala kwenye sofa lao kwa mwaka mzima. Hakuna siku ambayo kaka aliniuliza nitahama lini.

Jumamosi tarehe 6 Juni 1998, Beatha alipokea Komunyo ya kwanza. Tulikuwa mezani, mtoto amesimama na gauni lake jeupe akingoja kukata keki, simu ikalia. Alikuwa Kalpana, mwenzake wa ofisini. Imekuja faksi kutoka mji mmoja wa milimani mashariki ya Kongo: mlingoti mpya umejengwa, na kimo cha chini kabisa cha kuukaribia uwanja kimebadilishwa. Lakini maandishi yamefifia, hajui kama ni futi elfu sita au elfu tisa. Ndege ya wateja wao iko Entebbe inajaza mafuta kwenda huko huko, na chati waliyonayo ni ya zamani.

Kaka akapiga simu kwenye mnara wa kuongozea ndege wa mji ule. Laini ilikuwa mbaya, ikabidi apige kelele, nasi sote tukanyamaza.

"Nipo London! Niambie kimo, ndugu yangu, polepole!"

"Kenda, baba!" tulisikia sauti ya Mkongo ikipasua simu. "Elfu kenda!"

"Kenda, yaani tisa? Si sita?"

"Sita ni mlima, baba! Sita ni kufa!"

Akapiga Entebbe. Wakala wa wateja wao huko akajibu kwamba milango imeshafungwa na ndege inaanza kuondoka.

"Waambie kwa redio wasimame," kaka alisema. "Wasiruke kabla hawajaandika tisa."

Alibaki amesimama pale kwenye korido, mkono juu ya simu, mpaka Kalpana alipopiga tena kusema rubani amepata habari. Ndipo akarudi mezani.

Beatha alikuwa amenuna. "Daddy, everyone was waiting for you."

"Samahani, mama," alimjibu. "Kulikuwa na watu njiani."

Wiki chache baadaye rubani wa ndege ile, Kapteni Tarsem, alibisha hodi na boksi la vitumbua vitamu vya Kihindi, akaomba kumwona mwenye sherehe. Alimwinamia Beatha akamwambia kwamba siku ile mawingu yalifunika milima yote, na walikuwa watu wanne ndani ya ndege. Kapteni, tunakuona umekaa hapo na mke wako. Asante kwa kuja.

Mwaka 2005 figo za kaka zilianza kushindwa. Alisafishwa damu hospitalini mara tatu kwa wiki. Tunawashukuru wauguzi, na wewe Kalpana uliyempeleka kwa gari lako kila Ijumaa. Alifariki kwa utulivu Jumapili, tarehe 9 Machi 2008, Adelina akiwa amemshika mkono.

Wengi mmeuliza kwa nini hatumpeleki Kamachumu. Nilimwuliza mwenyewe mwezi uliopita. Alifumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Nizikeni mahali Adelina anapoweza kuja kwa basi."

Ameacha mjane, Adelina. Watoto wawili, Beatha na Valentine. Sisi wadogo zake watatu. Na wapwa wengi.

Kaka, asante kwa yote. Mungu akupe pumziko lako, sisi tutakuja kukuona.