Ndimu za Bi Shemsa

Bi Shemsa alipanda basi la Perry Barr na ndimu alizonunua Coventry Road. Alitaka kusugulia sarafu ya fedha ya ukumbusho aliyoachiwa na marehemu mumewe. Kesho bintiye angeituma kwa wataalamu ikapimwe gredi ya ubora, na Bi Shemsa hapeleki kitu kichafu mbele za watu.

Mbele yake wanaume wawili wasiojuana, Mkenya na Mzanzibari, walikuwa wakibishana kwa raha.

“Wale wapima sarafu wa London ni wakali mno, ndugu yangu,” alisema Mkenya. “Sarafu yangu ya jubilii walikataa kuipa gredi. Eti imesuguliwa!”

“Kwani hukuisugua?”

“Si mimi, ni mathe. Mama aliipiga jivu kama sufuria!”

Mzanzibari alicheka mpaka kofia ikamteleza. “Sarafu kongwe huachwa na weusi wake, kaka. Lakini Wamarekani ndio wakali. Yangu waliishusha gredi kwa mkwaruzo nisiouona hata kwa miwani!”

“Wacha bwana! Hao si wana huruma?”

“Huruma? Hao?”

Bi Shemsa akazisukuma ndimu chini ya mtandio, akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Basi liliposimama, wawili wale walikuwa bado wanatafuta nani mkali zaidi. Yeye akashuka, akaenda kutafuta samaki wa kuzikamulia.