Heroe wa Mguu Mmoja

Kijiwe cha Shangazi muuza kahawa kinatazamana na geti la hifadhi, pale njia ya mbao inapoingia kwenye mikoko. Asubuhi hiyo Darubini, mtembeza wageni, alishika kikombe bila kunywa. Miaka nenda rudi amewaonyesha watu heroe, ndege wa waridi mwenye mguu mmoja, ambaye mguu wake wa pili, kwa maelezo ya Darubini, uliliwa na mamba. Ndege mwenyewe kachorwa hadi kwenye bango. Leo pale anaposimama pamebaki tope tupu, basi la wageni liko njiani, na meneja wa hifadhi keshasema wakimkosa, Darubini anarudi kufagia vyoo.

— Kaibiwa, alisema Kinyozi, aliyeketi naye benchi moja. Manyoya yale yana soko.

— Nani amuibe kilema? aliuliza Wakili, fundi cherehani asiyekosa kesi, akikunja nne. Kaenda kumdai mamba mguu wake.

— Ushaliwa, atalipwa nini?

— Atakatiwa wa mamba.

— Basi atarudi anachechemea.

Shangazi akawamiminia, akasema wanahangaika bure, ndege kaposwa na mwenzake wa mguu mmoja. Wakiungana, ni jozi.

— Nyie chekeni, Darubini alisema. Mwenzenu nakabidhiwa fagio.

Basi likafika. Wa kwanza kushuka, mama mmoja mtu mzima, akaagiza kahawa, akaketi, akasimuliwa msiba wote. Alisikiliza kwa adabu huku akitazama ng'ambo ya maji, ambako kundi la heroe lilikuwa limesinzia.

— Mbona wale nao wote wamesimama mguu mmoja? aliuliza. Huyo wenu, nani aliwahi kumwona akitembea?

Kinyozi alichungulia kikombe chake. Wakili akapata uzi wa kuchomoa kwenye shati. Darubini akainua darubini yake, ambayo jicho moja limekufa tangu ainunue, akaona heroe mmoja akishusha mguu wa pili, akijikuna, kisha akiukunja tena. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Halafu akaona wageni wengine wanashuka na simu zao tayari, akavaa kofia, akasimama.

— Karibuni sana, wageni wetu, alisema. Mna bahati. Leo kaja na ukoo mzima.

— Na wote hao, mama akauliza, wameliwa miguu na mamba yuleyule?

Kijiwe kizima kikamgeukia Shangazi awaokoe kwa jibu. Naye akainamisha birika. Kahawa ilikuwa imekwisha.