Maisha ya Fausta Marselino, Mlezi wa Chembe Nyeupe

Baba Paroko, ndugu wa pande zote mbili, majirani na nyote mlioacha mpunga shambani mkaja kutusitiri, familia imemtuma Kassian, mdogo wake marehemu, awasomee maisha ya dada yake, naye ameomba ajitaje kwa jina kama wengine waliomo kwenye karatasi hii, maana akianza kusema "mimi" hatafika mwisho.

Fausta Marselino alizaliwa Lupiro tarehe 14 Septemba 1968, mtoto wa kwanza wa mzee Marselino na mama Stefania, akasoma shule ya msingi palepale kuanzia 1976 hadi 1982, kila siku Kassian akiwa mgongoni mwake mpaka kwenye kona ya shule, ambako bibi yao alimpokea mtoto, kisha akasoma sekondari Mahenge hadi 1986, na mwaka 1990 akapata cheti cha ufundi wa maabara.

Mwaka 1991 aliajiriwa katika maabara ya utafiti hapa Ifakara, na tangu 2009 hadi alipostaafu tarehe 30 Septemba 2023, kazi yake ilikuwa chembe nyeupe za damu, zile zinazotulinda na maradhi, ambazo alizilisha na kuziweka kwenye joto la mwili ili aone zinatumiaje chakula chao. Akina mama wa Namawala waliompa damu ya watoto wao aliwaeleza bila maringo kwamba chembe iliyotulia hula kidogokidogo, lakini ikishtuliwa na kidudu cha malaria hubadili mapishi palepale, huchoma sukari harakaharaka ili ijigawe na kuwa nyingi, na kwamba hata chembe changa, namna inavyochoma ndivyo inavyoelekea, nyingine ziwe za kupigana leo, nyingine za kukumbuka adui miaka ijayo. Wakamjibu kwamba hilo wanalijua, siku ya kuvuna sufuria ya nyumbani siyo ya siku zote, naye akacheka na kulitumia neno hilo mpaka kwenye mikutano ya wataalamu. Kwa ubaridi wa sampuli hakuwa na mzaha hata kidogo, aliyeleta boksi lililopata joto alipewa vidonge vyake vya maneno mbele za watu na kurudishwa akachukue damu upya, na Kassian, aliyewahi kumbebea maboksi hayo kwa pikipiki, alivipata mara mbili.

Tarehe 22 Oktoba 1994 alifunga ndoa na Adolf, fundi wa matrekta, ambaye alitangulia mbele za haki mwaka 2016, na walijaliwa watoto wawili, Edna, aliyezaliwa 1996 na ndiye aliyemuuguza, na Evod, aliyezaliwa 2001, ambaye anafanya kazi Mngeta.

Mwaka 2012 aligundulika kuwa na kisukari, akaishi nacho kwa nidhamu, akijichoma insulini asubuhi na jioni, na alipostaafu akafungua shamba la mpunga nje ya Namawala, ambako kila msimu alihamia na Edna kwenye kibanda cha shamba, dawa ikikaa kwenye mtungi wa maji ili isipate joto.

Jumamosi tarehe 26 Aprili 2025 Kassian alitumwa kuchukua insulini mjini, akaifungasha na barafu kama alivyoagizwa, akaiweka chini ya kiti cha pikipiki, kisha akapitia mashine ya kukoboa mpunga kwa sababu alikuwa na magunia yake pale, foleni ikamshika tangu saa tano hadi saa kumi, pikipiki ikiwa juani. Alipofungua kiti barafu ilikuwa maji ya moto na vichupa vikiunguza mkono, akajua dawa imeharibika, lakini akaona haya kupewa vidonge tena kwa umri ule, akanunua barafu nyingine, akavipoza upya na kumpelekea dada yake, ambaye alivishika, akavikuta baridi, akasema, "Leo umekuwa mtu mzima, mdogo wangu."

Tarehe 9 Mei kisiki cha mpunga kilimchoma mguuni, kidonda kikagoma kupona, na kwa kuwa vipimo vya kidole vilikuwa vimemwishia, aliijua sukari kwa kiu tu, ndipo tarehe 18 alipompigia Kassian simu kumuuliza kama dawa ilifika ikiwa baridi, Kassian akamjibu, "Ilikuwa baridi, dada." Hapo marehemu, akiamini dawa ni nzima, akamgeukia Edna na wali wake, akamkataza kumpikia, akawa analala bila kula, huku akisema sukari imemjaa kwenye damu lakini chembe zake zimekaa na njaa mlangoni na haziwezi kupigana. Alilazwa tarehe 21 Mei, daktari akauliza dawa ilitunzwaje, Kassian akiwapo, akanyamaza, na dada yetu akafariki alfajiri ya Alhamisi tarehe 5 Juni 2025.

Karatasi iliyopitishwa na kikao cha familia iliandika hapa kwamba marehemu aliponzwa na mlo usiofaa, na siku mbili hizi msibani mmemnyooshea Edna vidole, hata kwenye vyungu amekatazwa kugusa, naye Kassian ameyasikia yote na kula chakula cha msiba kama mtu asiye na neno. Sentensi hiyo ameifuta leo asubuhi kwa mkono wake, na mnayosikia sasa hajayasoma kwa mtu yeyote kabla yenu, Edna akiwemo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliopigania mguu ule hadi dakika ya mwisho, majirani wa Namawala waliombeba kwa machela kwenye tope hadi barabarani, na wafanyakazi wenzake wa maabara waliotoa damu yao, na inamwomba yeyote aliyesema neno kuhusu Edna amwendee kabla hatujaelekea makaburini, Kassian akiwa wa kwanza, kama Edna atakubali kumpa mkono.

Pumzika kwa amani, dada Fausta, dawa ilipata joto, Edna hakukupikia vibaya.