Meno ya Mama Leah

Kijiwe cha Unyambwa hakina paa. Kina benchi moja la mbao lililosukumwa hadi kwenye jiwe kubwa ili jiwe liwe egemeo, na kina jiko la mkaa la Fredrick, muuza kahawa anayesikiliza kila kitu na asiyeunga mkono chochote. Hatua chache kutoka hapo ni fremu ya biashara ya Theodora. Zamani ilikuwa saluni. Sasa ina bango lenye neno PICHA, alilolichora kwa mkono wake mwenyewe. Ana kamera ya mtumba, kompyuta ya mtumba, na uzoefu ambao bado haujatimiza mwaka. Asubuhi hiyo bati lilikuwa limeshaanza kuchoma, hivyo alitoka na kompyuta akaketi mwisho wa benchi, akaipakata. Kazi ilikuwa moja: picha ya marehemu Yasinta, mama Leah, ya kuwekwa kwenye msalaba wa kaburi lake Jumamosi, parokia nzima ikitazama. Mume wa marehemu, mzee Ignas, angepita wakati wowote kuiona. Theodora alijua kwamba picha hiyo ikikataliwa, hakuna harusi wala kipaimara kitakachokuja kumtafuta tena. Watu watapanda pikipiki waende studio za mjini.

— Bado inazunguka tu hiyo? aliuliza Gasto, fundi pikipiki. Kijiweni anaitwa Injini, kwa kuwa hunguruma kwanza ndipo aseme.

— Inafungua.

— Nimemaliza kikombe inafungua! Hiyo programu umeitoa wapi, makumbusho?

— Ya bure. Nimeipakua mwenyewe.

— Ndiyo maana. Ya bure iwe na haraka ya kwenda wapi?

Benchi lilicheka. Theodora hakuinua macho. Picha ilikuwa imefunguka, na kosa lake lilikuwa pale pale alipoliacha. Aliipiga mnadani Mtinko, akiwa ndiyo kwanza anajifunza. Mama Leah alikuwa anauza kuku. Jogoo mmoja akachomoka, akaenda kusimama juu ya vitunguu vya jirani, akawika. Mama Leah alicheka mdomo wote wazi. Theodora alibonyeza bila kukumbuka kwamba jua lilikuwa nyuma ya mama yule. Anga likatoka jeupe, uso ukatoka mweusi kama sufuria ya kuni. Sasa alikuwa anauvuta uso utoke kizani, kidogo kidogo, bila kugusa kingine.

— Dada Theo, ngoja nikuokoe, alisema Derick, anayesajili laini za simu chini ya mwavuli na anayeitwa Bando. Aliinama, akapiga picha kioo cha kompyuta kwa simu yake. — Hapa kwangu unabonyeza mara moja tu. Programu yenyewe imeshaona sura za dunia nzima, inajua mtu anatakiwa aweje.

— Inajua nani anatakiwa aweje?

— Mtu yeyote! Ona. Ona hiyo!

Simu ilipita mkono kwa mkono. Uso wa mama Leah ulikuwa umekuwa mweupe na laini kama yai lililomenywa. Pua ilikuwa imepungua. Na meno, ambayo maji ya visima vya huku yaliyapaka rangi ya chai tangu utotoni kama yalivyowapaka wote waliokaa pale, yalikuwa meupe kama chaki mpya.

— Mama wa kwenye televisheni! alisema Gasto. — Ila mimi ningekuwa wewe, Theo, ningechukua ile kubwa, ya studio zenyewe. Shemeji yangu Dodoma anayo kwenye flashi. Watu wanailipia kila mwezi, yeye hajalipa hata senti. Ukiiweka inafanya kila kitu. Yake siku moja ilimtoa mtu tai, ikamvisha nyingine.

— Na kompyuta yake iko wapi sasa?

Gasto alinguruma kidogo.

— Iko kwa fundi. Lakini hiyo ni habari nyingine.

— Hiyo hiyo ndiyo habari, alisema Theodora. — Sitaki ya wizi. Na sitaki ya Derick. Nataka isiyofanya lolote mpaka niiambie.

— Wateja hawataki hayo, dada. Watu wanataka wapendeze.

— Alikuwa amependeza.

Hapo mzee Christopher, karani mstaafu wa mahakama, aliweka kikombe chini. Jina lake la kijiweni ni Katiba.

— Binti yuko sahihi, na ninyi hamuoni hatari. Leo Bando anasafisha meno ya mama Leah. Kesho ya wanakwaya. Keshokutwa Singida nzima picha zetu zina meno meupe. Halafu sisi tunaandika barua tuletewe maji yaliyochujwa. Mkubwa kule anafungua picha, anasema: hawa mbona wako vizuri? Faili linafungwa! Meno yetu ndiyo ushahidi, bwana. Huyu kijana anaharibu kielelezo.

— Mzee, programu imetengenezwa nje huko, haina habari na visima vyetu!

— Ndiyo vizuri zaidi kwao.

— Kwani maji tu? alidakia Gasto. — Siku ya kiyama malaika anafika kaburini, anatazama picha ya msalabani, anaanza kumtafuta mama mweupe mwenye meno ya chaki. Atazunguka mpaka Itigi, hampati. Mama wa watu anabaki foleni!

Kicheko kililipuka, hata Fredrick akamwaga kahawa kidogo kwenye makaa. Derick peke yake hakucheka. Alimgeukia Theodora, sauti ikashuka.

— Tuache utani. Wewe umemfahamu yule mama. Akiona kamera alikuwa anafanyaje?

Theodora aliendelea kuuvuta uso utoke kizani, Derick akajijibu mwenyewe.

— Alikuwa anaziba mdomo kwa khanga. Kila picha yake ameziba. Aliyaonea haya meno yake, dada. Sasa wewe unataka kwenda kuyasimamisha juu ya kaburi lake, kanisa zima liyatazame. Mimi na programu yangu tunamsitiri. Wewe unafanya nini?

Lilikuwa neno zito, na Theodora alihisi vidole vyake vikiacha kompyuta. Alimtazama mama Leah, ambaye sasa alikuwa ametoka kizani: mikunjo ya pembeni mwa macho, kovu dogo la kidevu, na meno yale.

— Siku ile hakuziba, alisema.

— Alisahau!

— Basi mimi nilikuwepo aliposahau. Sitajifanya sikuona.

— Utafunga fremu, Theo.

— Nitafunga. Lakini nikifunga, picha zitakazobaki ukutani ni za watu ninaowajua.

Ndipo walipomwona mzee Ignas akija, kofia mkononi.

— Shikamoo mzee, walisema karibu kwa pamoja.

— Marahaba wanangu. Christopher, habari za asubuhi.

— Njema, ndugu yangu. Kaa.

Hakukaa. Derick alikuwa ameshasimama, simu mbele.

— Mzee, hebu mtazame mama. Tumemtengeneza.

Mzee Ignas aliishika simu kwa mikono miwili. Aliitazama karibu, akaisogeza mbali, akairudisha karibu. Alitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama picha. Kisha akauliza, bila ukali, kama mtu anayeulizia njia:

— Meno yake mmeyapeleka wapi?

Derick alitazama chini. Theodora aliigeuza kompyuta ielekee upande wa mzee, akainua kiganja kukinga jua kwenye kioo.

Mzee Ignas aliinama. Mabega yake yalishuka polepole.

— Hapa anacheka nini?

— Jogoo wake, mzee. Alipanda kwenye vitunguu vya watu.

— Yule mwekundu. Mzee alitikisa kichwa. — Aliniambia. Alirudi nyumbani ananisimulia, anacheka hivi hivi.

— Mzee, alisema Derick, naye sasa sauti yake ilikuwa ya unyenyekevu, — sisi tuliona mama alikuwa anapenda kuziba mdomo.

— Mbele za watu. Mezani kwangu hakuziba. Mzee alinyooka, akavaa kofia. — Theodora mwanangu, hii. Kubwa. Na nyingine kama hiyo ya ukutani.

— Sawa, mzee.

— Sasa mzee, Derick aliinua simu, — na hii yangu niifanye nini?

Mzee Ignas alikuwa ameshaanza kuondoka. Aligeuka nusu.

— Huyo mtafutie mume. Mimi wangu nimempata.