Krenki Iliyotolewa Kwenye Friza

Ndugu waombolezaji, wakwe zetu, majirani, na ninyi wapasua mbao ambao leo mmekuja bila misumeno mabegani, familia imempa mdogo wake marehemu kazi ya kuwasomea historia hii, na inawaomba mkae vizuri, maana yule mliyemwita Fundi Subiri hakuwahi kumaliza jambo haraka, na mdogo mtu naye ni wa tumbo hilohilo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1957 katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa pili wa mpiga randa na mshonaji, akasoma shule ya msingi iliyopakana na kiwanda, ambako alijifunza kuhesabu huku misumeno ikimpigia kelele, akamaliza sekondari mwaka 1976, kisha akajiunga na chuo cha reli, kwa kuwa tangu utotoni alitaka jambo moja tu, nalo ni kuendesha treni na kulala kila siku mahali pengine.

Tarehe 9 Agosti 1981 alifunga ndoa na mjane wetu aliyeketi hapa mbele, binti wa fundi wa misumeno ya mnyororo, na mwaka uliofuata mkwe wake akaanza kupoteza macho, marehemu, wakati huo dereva wa treni, akaomba ruhusa ya mwezi mmoja aje kumsaidia mzee kumalizia misumeno iliyokuwa imefunguliwa, mwezi ukazaa mwezi, reli wakamweka dereva mwingine, na kila alipofunga begi alitokea mtu mlangoni na msumeno uliokufa, akisema ana miti imelala na watoto wanamngoja, na marehemu, ambaye neno hapana halikuwahi kupita kooni mwake, alimwambia subiri, akalifungua begi. Jina likamkaa, naye akakaa.

Kazi iliyompa sifa mnaijua, ni kubadilisha beringi za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni ndani ya kasha la injini, kazi ambayo wengine huimaliza kwa nyundo na msumeno ukarudi baada ya muda mfupi ukilia upya. Yeye hakugonga. Aliliweka kasha tupu kwenye oveni mpaka tone la maji likiliangukia linachemka, hapo beringi mpya ikazama mahali pake kwa uzito wake wenyewe, na krenki alikuwa ameilaza kwenye friza tangu jana yake ili ijikunyate na kuingia bila ubishi, na fundi ana pumzi chache tu za kuiweka sawa, kwani chuma kikishapoa kimeshika, hakibembelezeki. Oveni na friza vilikuwa vya mkewe, ambaye alizoea kumwambia, "Mume wangu, leo chagua, keki au krenki," na sisi tuliokula keki zile tunajua kwamba siku nyingine tulipata vyote viwili.

Mungu aliwajalia mtoto mmoja, binti, tarehe 22 Novemba 1988, akasoma akawa mpima ardhi, mwezi huu yuko mlimani na mwezi ujao yuko bondeni, na baba yake alimpigia simu kila jioni, salamu hazijaisha anamuuliza, "Hapo ulipo, kunaonekana nini?"

Mwaka 2017 mikono ya marehemu ilianza kutetemeka, daktari akasema ni ugonjwa wa neva usio na dawa ya kuuponya, na binti akachukua likizo fupi aje kumuuguza. Hapa, ndugu zangu, familia inasema jambo ambalo hamkulijua. Tangu mwaka ule marehemu hakukaza hata skrubu moja. Alikaa mbele, akapokea msumeno, akatega sikio, akasema subiri, na nyuma ya pazia la shuka kuukuu, katika chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, chenye kidirisha kinachotazama ukuta wa jirani, alikuwapo binti yake, aliyekua akiitazama kazi hii, sasa akiifanya yeye na kuzuia hata kikohozi wateja wakiwapo, kwa sababu baba aliona aibu na yeye alimpenda baba yake. Mlipotoka mkisema mkono wa mzee haujachuja, alikuwa anawasikia, mara nyingine alilia kwa hasira, kisha akawasha oveni. Mkuu wake wa kazi alipopiga simu alijibiwa, "Bado kidogo, bosi, namalizia ya watu," mpaka naye akachoka kuuliza lini.

Mwezi Februari mwaka huu marehemu alimwita mdogo wake kando ya kitanda, akampa maneno ambayo aliagiza yasomwe kama yalivyo: "Mimi nilishapoa humu ndani, na chuma kilichopoa hakitoki. Mtoto bado ana joto. Siku ya maziko waambie watu mikono ilikuwa yake, na papo hapo waambie karakana imefungwa, maana ukisema la kwanza ukaacha la pili, kesho watapanga foleni mlangoni, na yule ni mtoto wangu, kusema hapana hajui."

Tarehe 3 Machi 2024 homa ya mapafu ilimchukua, wodini, mikono yake ikiwa ndani ya mikono ya mkewe na bintiye, ikatulia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliovumilia moshi na kelele, na wapima ardhi, wafanyakazi wenzake binti, ambao gari lao liko nje na halitaondoka bila yeye. Inamshukuru pia mpasua mbao aliyesimama pale mlangoni, ambaye msumeno wake ulibaki mezani umefunguliwa. Leo alfajiri mjane alifungua friza kutoa maji ya wageni, akaikuta krenki imelazwa humo, na binti alipoulizwa, siku ya kumzika baba yake, alisema mteja amengoja sana. Mdogo wa marehemu ameitoa kwa mkono wake, ameifuta, ameiweka katika sanduku la vifaa pamoja na msumeno huo na beringi mpya, na sanduku liko pale kwenye kiti cha mwisho. Ndugu mpasua mbao, utalichukua ukitoka, na tafadhali usimuulize binti lolote.

Mwanetu, pazia tumeliondoa, ukifika huko tupigie utuambie kunaonekana nini. Na wewe, kaka, hakuna tena anayesubiri mlangoni, pumzika kwa amani.